Uzi: Neno “ebb” la Kiingereza, na kwa nini “kupungua” hakulitoshi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Leo nina neno moja tu, lina herufi tatu, na limenisumbua kazini kiasi kwamba nimeona nilifungulie uzi wake. Neno lenyewe ni “ebb”. Kwenye kamusi utakuta “kupwa” kwa upande wa bahari, yaani maji kurudi nyuma baada ya kujaa, halafu “kupungua, kufifia, kudhoofika” kwa mambo mengine. Maana hizo si makosa. Shida ni kwamba ukizichukua zilivyo na kuzipachika kwenye sentensi, mara nyingi kile hasa alichokusudia mwandishi kinabaki nje.

Nafanya kazi ya kutafsiri. Siku moja nililetewa barua fupi ya muuguzi aliyekuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa, familia ikataka kuisikia kwa Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: “Her strength ebbs in the evenings.” Nikaandika: “Nyakati za jioni nguvu zinamwishia.” Nilipowasomea wanawe, binti mkubwa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili akaniuliza, “Zinamwishia? Yaani ndiyo basi tena?” Niliirudia barua palepale. Muuguzi hakusema hivyo hata kidogo. Sentensi iliyofuata ilieleza kwamba kila asubuhi mama anaamka na nguvu zake na kuzungumza vizuri. Nilipaswa kuandika: “Jioni nguvu humpungua, asubuhi zikamrudia.” Kitenzi kimoja nilichokichagua kwa haraka kiligeuza uchovu wa jioni kuwa habari ya mauti, na nilimwona mtu akiipokea habari hiyo mbele yangu. Sijalisahau neno hili tangu siku hiyo.

Turudi baharini, maana huko ndiko lilikozaliwa. Maji yakishajaa hadi mwisho wake husimama kidogo, kisha huanza kurudi. Safari hiyo ya kurudi ndiyo “ebb”. Zingatieni neno safari. Maji yakishafika chini kabisa, Mwingereza ana jina jingine, “low water” au “low tide”, na kile kipindi kifupi ambacho maji hayaendi wala hayarudi anakiita “slack water”. Ukisoma “the tide is on the ebb”, elewa kwamba maji yanaondoka wakati huohuo unaosimuliwa. Hayajamaliza kuondoka.

Na safari yenyewe haina mwendo mmoja. Sehemu nyingi za dunia, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kupwa peke yake huchukua saa 6 na dakika chache. Mabaharia wana kanuni yao ya kukadiria: gawa tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 6, saa ya kwanza unapoteza nusu mita tu, lakini saa ya tatu inaondoka mita moja na nusu. Simama ukingoni uangalie. Mwanzoni unaona utepe mwembamba tu wa mchanga uliolowa, huna hata uhakika kama kuna kilichobadilika. Ukigeuka kidogo ukirudi, mawe yaliyokuwa chini ya maji yako wazi. Mwishoni mwendo unazubaa tena.

Sasa chukua sentensi “His anger ebbed.” Hasira hii haikukatika kwa mkupuo, wala hakuna aliyeizima. Ilianza kurudi nyuma kabla mwenyewe hajajua, ikaondoka, ikamwacha. Ukitafsiri “Hasira yake ilipungua” umesema kiasi kimeshuka, na mwendo umepotea. Mimi ningeandika “Hasira ikamtoka taratibu” au “Hasira ikaanza kumwachia.” Ni maneno machache tu, lakini kuna kitu kinachotembea ndani yake.

Hoja yangu kubwa ni hii. “Ebb” likiwa peke yake huacha mlango wazi, maana maji yaliyopwa hurudi. Likiongezewa “away”, mlango unafungwa. “Her strength ebbed” ni nguvu zilizorudi nyuma, huenda zikaja tena. “Her strength ebbed away” ni nguvu zilizokwenda zake. “His life was ebbing away” ni mtu anayekata roho. Kama muuguzi yule angeandika “is ebbing away”, tafsiri yangu ya kwanza ingekuwa sahihi na binti yule angekuwa na haki ya kushika meza. Kosa langu lilikuwa hapo tu.

Karibuni tuchangie, hasa walimu na watu wa baharini.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, uzi mzuri. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na naomba niongeze la darasani.

Wanafunzi huandika “My brother ebbed from the room” au “The government ebbed the prices.” Sentensi zote mbili hazisimami. “Ebb” halina mtendwa: huwezi ku-ebb kitu, kitu ndicho kina-ebb chenyewe. Bahari hairudishwi na mtu. Na kinacho-ebb hakiwi mtu wala kitu chenye umbo kamili kama gari au kiti. Huwa ni kitu kisicho na kingo: nguvu, matumaini, hofu, maumivu, mwanga, sauti, uungwaji mkono, ushawishi. “The pain ebbed.” “Support for the plan is ebbing.” “The daylight ebbed.” Nawaambia wanafunzi wajiulize: hiki kitu kinaweza kujaa? Kama hakiwezi kujaa, hakiwezi ku-ebb.

La pili ni tahajia. Wengi wanaandika “eb”. Matamshi yake ni “eb” kweli, b moja tu inasikika, lakini Kiingereza kina mazoea ya zamani kwamba neno lenye maana kamili lisipungue herufi tatu. Ndiyo maana kuna “egg”, “add”, “odd”, “inn”. Herufi inayorudiwa mwishoni ni ya kujaza tu. Vijineno vya sarufi kama “in”, “of” na “to” ndivyo vinavyoruhusiwa kubaki na mbili. Kwa hiyo “in” na “inn” zinasomwa sawasawa, lakini moja ni kihusishi na nyingine ni nyumba ya wageni.

Nina swali. “At a low ebb” tunaifanyaje? Umesema “ebb” ni mwendo, lakini hapa wanaizungumzia kama kimo.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, jaribio lako la “kinaweza kujaa?” nalichukua, ni zuri kuliko maelezo yangu yote.

Kuhusu “at a low ebb”, hapo umenishika sawasawa. Katika msemo huu maana imehama kutoka mwendo kwenda mahali mwendo ulipofikia. “Her spirits were at a low ebb” maana yake moyo wake ulikuwa umeshuka sana. “Relations between the two countries are at their lowest ebb” ni uhusiano uliofika pabaya kuliko wakati wowote. Ukiwa na Kiswahili chepesi: “moyo umemwanguka”, “uhusiano umefika pabaya kabisa”. Ila angalia kihusishi: ni “at”. Nimeshaona “in a low ebb” na “on a low ebb” kwenye ripoti za watu wazito. “On the ebb” ipo, lakini hiyo ni ya maji au ushawishi unaoendelea kuondoka. Hata hapo bado nashikilia kwamba mlango uko wazi kidogo: anayesema “at a low ebb” anapima chini akijua kuna juu. Mtu aliyekata tamaa kabisa halitumii.

Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi ya vyombo baharini, nathibitisha alichosema mwanzisha uzi, na naongeza jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui.

Wataalamu wa upimaji bahari hutenganisha vitu viwili: maji kupanda na kushuka kwa kimo, na maji kukimbia kwa ulalo, yaani mkondo. Wengi wao maneno “flood” (maji kuingia) na “ebb” (maji kutoka) wanayaweka kwa ule mkondo. Kimo kikishuka wanasema “falling tide”. Mkondo unaotoka kuelekea bahari kuu ndio “ebb current”. Haya mawili hayaendi saa moja kila mahali. Kuna milango ya bahari ambapo kimo kimeshafika chini lakini mkondo bado unatoka kwa nguvu. Nahodha asiyejua tofauti hiyo anapanga safari kwa jedwali la kimo, kisha anakuta mkondo unampinga uso kwa uso.

Na mkondo huo ni nguvu kweli. Ufaransa, kwenye mlango wa mto Rance, kuna kituo cha umeme kilichofunguliwa mwaka 1966, chenye uwezo wa megawati 240. Wamejenga ukuta, maji yakijaa yanaingia na kufungiwa, kisha yakiachiwa kurudi baharini yanazungusha mitambo. Kinaweza kuzalisha pande zote mbili, lakini sehemu kubwa ya umeme wake unatoka wakati wa kupwa, na Kiingereza cha kihandisi kinaita njia hiyo “ebb generation”. Kwa hiyo ndugu zangu mnaotafsiri, msidhani “ebb” daima ni udhaifu. Huku kwetu, “the ebb” ndiyo inayokuvuta ukiwa umezembea.

Mchangiaji wa nne

Mimi napenda asili za maneno, niruhusuni kidogo.

“Ebb” ni la zamani sana. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa “ebba”, na kitenzi chake “ebbian”. Waholanzi wana “eb”, Wajerumani “Ebbe”. Wanaisimu wengi wanalihusisha na mzizi uleule wa “of” na “off”, yaani kwenda mbali, kutoka hapa. Kama ni hivyo, wazo la kuondoka limo ndani ya neno tangu mwanzo, na “ebb away” inasema jambo mara mbili.

Kuna vita vya mwaka 991 huko Maldon, mashariki mwa Uingereza. Waviking, wavamizi waliokuja kwa merikebu kutoka kaskazini, walikuwa kwenye kisiwa kidogo ndani ya mlango wa mto, na Waingereza wakiongozwa na Byrhtnoth walikuwa ng’ambo. Katikati kulikuwa na njia ambayo maji yakijaa inafunikwa, yakipwa inaachwa wazi. Shairi la kale linalosimulia vita hivyo linasema majeshi yalishindwa kufikiana kwa sababu maji yalikuja yakijaa baada ya “ebban”. Watu wamesimama na silaha mkononi, wanaonana, wanatukanana kwa sauti, na wote wanasubiri bahari iondoke. Ilipoondoka Byrhtnoth akawaruhusu wavuke, na akauawa. Nikilisikia neno “ebb” mimi huiona ile njia ikianza kujitokeza kidogo kidogo.

Na “tide” je? Hili lilikuwa na maana ya wakati, si ya maji. Ni ndugu wa “Zeit” ya Kijerumani na “tijd” ya Kiholanzi, na mabaki yake yapo kwenye “Yuletide” (msimu wa Krismasi) na “noontide” (adhuhuri). Maana ya maji ya bahari ilikuja kushika baadaye, kama karne ya 14. Kabla ya hapo Waingereza walitaja “flod” na “ebba” kila moja kivyake. Hata “tidy”, ambayo leo ni nadhifu, mwanzoni ilikuwa “kwa wakati wake”. Kwa hiyo ule msemo “time and tide wait for no man”, ambao wengi tunaufikiria una mawimbi ndani yake, neno “tide” hapo lilianza likiwa wakati tu, majira.

Mchangiaji wa tano

Samahani mwanzisha uzi, mimi sikubaliani na hoja ya mlango. Nasoma habari za uchumi kila siku na wanaandika “inflation is ebbing” bila “away” yoyote, na hawana nia ya kusema mfumuko utarudi. Kuna pia “wane”, “subside”, “recede”, “dwindle”, “abate”. Naona waandishi wanabadilisha tu ili wasirudie neno.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nashukuru umepinga, maana hapa ndipo pananoga.

Kuhusu mfumuko wa bei, mwandishi hasemi utarudi, lakini pia hasemi umekwisha. Anasema unaondoka. Angekuwa na uhakika umekwisha angeandika “is over”. Mlango wazi si ahadi ya kurudi. Ni kwamba neno lenyewe halijaufunga. Nakubali mwandishi wa haraka anaweza kulitumia bila kufikiri. Lakini mtafsiri hawezi kujua nani alifikiri na nani hakufikiri, kwa hiyo ni salama kutofunga mlango ambao mwandishi hakuufunga.

Kuhusu hayo mengine, hapana, hayabadilishani kiholela. “Wane” ni la mwezi unapopungua kutoka mpevu, na hupenda mamlaka, umaarufu, hamu: vitu vilivyowahi kung’aa. “Subside” ni kutulia kwa kilichofura au kuchafuka: uvimbe, mafuriko, kicheko, dhoruba. “Recede” ni kurudi nyuma ukiuacha mstari, ndiyo maana nywele za paji la uso zina-recede na haziwezi ku-ebb hata siku moja. “Dwindle” ni la idadi na akiba, kitu kinachohesabika kikienda kuisha. “Abate” ni kupungua makali, mara nyingi ya upepo, mvua au homa. Ukiniambia umati ulipungua mmoja mmoja, nitatumia “dwindled”. Ukiniambia kelele za umati zilirudi nyuma kisha zikaja tena, hapo ndipo pa “ebbed”.

Na ajabu ni kwamba “wane” na “ebb” yote yana uhusiano na mwezi. Mwezi unavuta bahari, jua linasaidia. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, viwili hivyo vinavuta kwa mstari mmoja, tunapata bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Ukiwa nusu vinapingana, tunapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Mwingereza anaita bamvua “spring tide”, na hapo nawaonya watafsiri wenzangu: haina uhusiano na majira ya kuchipua, inatoka kwenye maana ya kuruka, kufoka. Nimeshaona imeandikwa “maji ya masika”.

Mchangiaji wa sita

Mbona hatujakitazama Kiswahili chenyewe? Sisi tuna kitenzi kamili, kupwa. Silabi moja, kama kufa na kula, ndiyo maana tunasema maji yanakupwa, maji hupwa. Na kina watoto. “Pwani” limetoka humo, mahali maji yanapopwa. Chombo kilichoachwa mkavuni na maji tunasema kimepwelewa, na mtu aliyefikwa na shida bila njia tunasema vilevile amepwelewa. Aliyekaukiwa sauti amepwewa na sauti. Kumbe sisi tulishaitoa kupwa baharini na kuiingiza kwa binadamu zamani! Mwingereza anasema sauti ime-ebb, sisi tunasema mwenye sauti amepwewa. Yeye anatazama kinachoondoka, sisi tunamtazama aliyeachwa.

Kwa nini basi mtafsiri akimbilie “kupungua”?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hili sikulitegemea, na nimelisoma mara tatu. “Yeye anatazama kinachoondoka, sisi tunamtazama aliyeachwa.” Ndiyo sababu “nguvu zinamwishia”, “hasira ikamtoka”, “usingizi ukamruka” zote zina “-m-” ndani yake. Kiswahili kinataka kujua ni nani maji yamemwondokea. Mwingereza anaweza kuandika “Hope ebbed” na kunyamaza. Sisi “Matumaini yalipungua” inabaki inaning’inia hadi useme ya nani: matumaini yakawatoka.

Kwa nini tunaogopa kutumia kupwa? Nadhani ni kwa sababu wasomaji wengi wako mbali na bahari na tunahofia hawataelewa. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake. Kwenye barua ya muuguzi nisingeandika “nguvu zake hupwa jioni”. Familia ilihitaji kuelewa mara moja. Lakini kwenye hadithi, msomaji ana nafasi ya kusimama kidogo.

Mchangiaji wa pili

Basi tukupe mtihani. Mwanafunzi wangu aliandika hii kwenye insha, na naipenda: “All night the voices in the next room ebbed and flowed.” Utaifanyaje?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, “zilipanda na kushuka” ndiyo njia rahisi, lakini hiyo ni sauti kubwa na sauti ndogo tu, kama mtu anazungusha kitufe cha redio. Anayesikiliza yuko kitandani, hashiki maneno, sauti zinamfikia na kumwacha. “Zilikuja na kuondoka” ina mwendo, lakini ni kama watu walitoka chumbani wakarudi.

Nikifuata alichotufundisha mchangiaji wa sita, naandika hivi: “Usiku kucha sauti za chumba cha pili zilikuwa zikimjia na kupwa, zikimjia na kupwa.” Nimeweka “-m-” kwenye kuja na sikuiweka kwenye kupwa, ili zikiondoka ziondoke zenyewe. Na nimerudia, kwa sababu Kiingereza kimepata mdundo wake kwa “ebbed and flowed”, maneno mawili mafupi, nami nilihitaji mahali pa kuupata wangu.

Mwulize mwanafunzi wako aliyekuwa akisikiliza ni mwanamume au mwanamke, mtoto au mtu mzima. Kama ni yeye mwenyewe, “zikimjia” inabidi iwe “zikinijia”.